Jirani Kabla ya Nyumba: Aila Inayohamia Kosele Ikae Wapi?



Ndugu msomaji, haupiti mwaka ila aila kadhaa za pwani yetu hufunga mizigo kuelekea bara. Mmoja ni mwalimu aliyehamishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, mwengine ni karani wa serikali, wa tatu ni muuguzi, wa nne amefungua duka. Sera ya kuwatoa walimu makwao, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 2018, iliwapeleka watu wetu katika miji ambayo wengi wao hawakuwa wameisikia; na ijapokuwa sera ile ililegezwa baadaye, uhamisho haukukoma na wala hautakoma. Barua ikishafika, swali la kwanza nyumbani huwa moja: tutakaa wapi? Na aliye na watoto hujua kwamba swali hilo lina la pili ndani yake: watasoma wapi?

Juma hili tumeuchagua mji mdogo wa Kosele, katika Kaunti ya Homa Bay, uwe mfano wetu. Kosele ndiyo iliyokuwa makao makuu ya iliyokuwa Wilaya ya Rachuonyo, ingawa mji mkubwa wa sehemu zile ni Oyugis, ulio jirani yake. Kwa hivyo Kosele ni mahali pa ofisi: mtu huletwa pale na kazi, si na biashara wala na ukoo. Kaunti nzima ilihesabiwa kuwa na watu 1,131,950 katika sensa ya 2019, na Waislamu miongoni mwao ni wachache mno. Basi atakayeweza kupachagua pa kuishi vyema akiwa Kosele, ataweza kupachagua popote.

Nyumba na shule katika nchi za wenzetu

Kuna nchi ambazo kununua nyumba ni kununua shule. Huko Marekani, nchi imegawanywa katika wilaya za shule, na sehemu kubwa ya fedha za kuziendesha hutokana na ushuru wa mali unaotozwa nyumba za wilaya ile ile. Penye nyumba za thamani pana shule zenye fedha, na penye shule zenye fedha nyumba hupanda bei tena. Wazazi wa mtaa maskini wa San Antonio, Texas, waliushitaki utaratibu huo hadi Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Baadaye, mwaka 1999, mtaalamu wa uchumi Sandra Black alilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mipaka ya shule katika jimbo la Massachusetts. Akaona kwamba pale alama za mtihani za shule zilipozidi kwa asilimia 5, wazazi walikubali kulipa kiasi cha asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba.

Kwetu Kenya hakuna mstari wa namna hiyo. Fedha za serikali humfuata mwanafunzi wala hazifuati mtaa: kiwango kilichowekwa ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na shilingi 15,042 kwa wa sekondari msingi, awe Nyali au awe Kosele, ingawa mara nyingi hela hizo huchelewa kufika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haimfungi mtoto kwa anwani yake. Hata hivyo sote twajua kwamba mitaa haiko sawa. Hapa Mombasa, aila ngapi zimetoka Mji wa Kale na Majengo zikahamia Bamburi, Kisauni na Mtwapa kwa kuzifuata shule zinazochanganya masomo ya dini na ya dunia? Na kodi ya nyumba zilizo karibu na shule hizo si ile ya miaka kumi iliyopita.

Tofauti yetu na Marekani, basi, ni kwamba kule sheria ndiyo inayoifunga nyumba na shule pamoja. Kwetu zimefungwa na mguu wa mtoto. Mtoto wa miaka saba husoma pale mguu wake unapomfikisha, na pale anaporudi kabla ya magharibi.

Umri wa mtoto ndio unaochagua mtaa

Kosa la wengi ni kuichagua nyumba kana kwamba watoto watabaki na umri mmoja. Mfumo wa sasa wa elimu una ngazi zake, na kila ngazi ina mtaa unaoifaa.

Ngazi ya kwanza ni ya chekechea hadi Gredi ya 3. Hapa pana jambo ambalo wazazi wa pwani hulisahau. Sera ya lugha ya nchi yetu, tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976, yasema watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo lililoizunguka shule. Katika mji uliochanganya makabila, lugha hiyo huwa Kiswahili au Kiingereza. Katika kijiji cha Rachuonyo huwa ni Dholuo. Kwa hivyo anayepanga nyumba katika shamba lililo nje ya Kosele amemchagulia mwanawe lugha ya darasani, ajue asijue. Jambo hili si baya. Mtoto wa miaka minne hujifunza Dholuo mchangani kwa muda mfupi, na lugha ni mali. Bali mtoto wa miaka minane anayeingizwa ghafula katika Gredi ya 3 huweza kukaa kimya muhula mzima, na mwalimu akamdhania kuwa ni mzito wa kufahamu.

Ngazi ya pili ni Gredi ya 4 hadi ya 9. Tangu Januari 2023, sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, yaani Gredi ya 7, 8 na 9 husomewa katika uwanja ule ule. Zamani mtoto aliondoka nyumbani baada ya darasa la nane, pengine akaingia bweni akiwa na miaka kumi na minne. Sasa shule ya karibu na nyumba humshika hadi Gredi ya 9. Kwa hiyo nyumba unayoichagua leo kwa ajili ya mtoto wa chekechea yaweza kuwa ndiyo shule yake kwa zaidi ya miaka kumi, na miaka hiyo ndiyo ile ile ya kujifunza kusoma Qur'ani, kuanza kusali na kubaleghe.

Ngazi ya tatu ni sekondari ya juu, kuanzia Gredi ya 10, ambayo wanafunzi wa kwanza waliiingia Januari 2026. Hapa mtaa hauna nguvu tena. Mwanafunzi huchagua njia moja kati ya tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, kisha hupangiwa shule kwa alama na kwa chaguo lake, popote nchini. Alama hizo hutokana na mtihani wa Gredi ya 9 kwa asilimia 60, mtihani wa Gredi ya 6 kwa asilimia 20, na tathmini za shuleni kwa asilimia 20. Mzazi anayetaka mwanawe arudi pwani kusoma ana nafasi yake hapa. Hana haja ya kuikata aila vipande viwili mtoto angali Gredi ya 2.

Mahali pane pa kuchagua

Tuchukue mfano wa mwalimu anayetoka Kisauni na kupangiwa kazi Kosele, mwenye mke na watoto wawili. Mbele yake pana njia nne.

Ya kwanza ni kukaa Kosele penyewe. Kodi ni nafuu, hewa ni safi, na baba hufika kazini kwa miguu. Lakini ni mji mdogo. Aila ya Kiislamu yaweza kujikuta pekee yake katika mtaa, na hapo chuo cha watoto kitakuwa ni sebule ya nyumba yao, na mwalimu wa chuo ni mama yao au baba yao.

Ya pili ni Oyugis. Huu ni mji wa soko, katika barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kisii, na kama ilivyo miji mingi ya biashara ya bara una Waislamu wake na msikiti wake. Kodi yake yazidi ya Kosele, lakini mtoto atasikia adhana, ataona wenziwe wamevaa kanzu siku ya Idi, na lugha ya mtaani itachanganyika na Kiswahili.

Ya tatu ni Kendu Bay, kwenye ufuo wa ziwa. Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba hapa pana Uislamu wa zamani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli zikaanza kuzunguka ziwa, bandari ndogo kama Kendu Bay ziliwavuta wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kiarabu na Waswahili. Msikiti wa Tawakal wa mji huo ni ushahidi wao, na pana wenyeji Wajaluo walio Waislamu kizazi baada ya kizazi. Pana pia shule zenye jina la Waislamu, ya msingi na ya sekondari. Mzazi anayetafuta jamaa iliyokwisha kuota mizizi ataikuta hapa kuliko Kosele na Oyugis. Gharama yake ni safari ya baba ya kila siku.

Ya nne ni mji mkubwa, Kisii au Kisumu, wenye misikiti ya jamia, vyuo vilivyokamilika na bucha zinazojulikana. Hapo baba huenda Kosele Jumatatu na kurudi Ijumaa. Kisumu ina Waislamu wengi na shule za jumuiya yao; lakini kodi yake ni ya mji mkubwa, na baba huwa mgeni wa nyumba yake mwenyewe.

Na wako wanaoichagua njia ya tano, nayo ni kumwacha mke na watoto Kisauni na kwenda peke yao. Hatuwalaumu, kwani kila mtu anajua dhiki yake. Lakini tuseme wazi: mtoto anayemwona baba yake mwezi wa Aprili, wa Agosti na wa Disemba hulelewa na simu. Shule nzuri hailipi pengo hilo.

Hesabu ya kodi iliyokamilika

Mtu husikia kwamba nyumba ya mbali ni shilingi 5,000 na ya karibu na shule ni shilingi 8,000, akakimbilia ya mbali. Tuihesabu pamoja. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mmoja atie bei anazozikuta.

Watoto wawili wakipanda bodaboda kwa shilingi 50 kila mmoja kwenda, na 50 kurudi, hizo ni shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 20 za masomo katika mwezi ni shilingi 4,000. Nyumba ya 5,000 imekuwa ya 9,000, nayo imeshaipita ile ya 8,000. Bado hujatia safari za chuo siku za Jumamosi na Jumapili, wala maji ya kununua iwapo nyumba haina tangi la mvua au kisima. Na bado hujatia hofu ya mama kila pikipiki inapochelewa kwenye barabara ya matope msimu wa masika.

Kanuni tunayoipendekeza ni hii: ikiwa lazima mtu mmoja nyumbani asafiri kila siku, basi asafiri mkubwa. Baba aliye Oyugis akapanda matatu kwenda Kosele analipa nauli moja, na mwili wake una nguvu. Watoto wakikaa Kosele na kupelekwa Oyugis chuoni ni nauli mbili au tatu, na usingizi wao ndio unaolipa. Aila nyingi hufanya kinyume: huiweka nyumba mlangoni pa kazi ya baba, kisha huwatawanya watoto barabarani.

Maswali kabla ya kulipa amana

Usilipe amana ya nyumba kabla hujaonana na mwalimu mkuu wa shule unayoikusudia. Shule nyingi za sehemu zile ziliasisiwa na makanisa. Waadventista wa Sabato walifungua misheni yao ya kwanza nchini Kenya huko Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Wakatoliki nao wana shule zao. Shule hizo zimesomesha watu wengi, na hatuna la kuzishutumu. Sheria ya 2013 humpa mfadhili wa shule haki ya kulea mwenendo wa kiroho, lakini papo hapo humtaka ahifadhi dini za wanafunzi wengine. Mzazi aijue sheria hiyo, na aizungumze kwa upole.

Aulize mambo manne. La kwanza, je, yupo mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu? Somo hili limo katika mtaala na katika mitihani ya taifa, lakini asipokuwepo mwalimu, mtoto huketi katika somo la dini nyengine au huachwa bila ya kazi. Shule yenye watoto Waislamu kumi ina hoja ya kuomba mwalimu. Yenye mmoja haina. Hii ni sababu nyengine ya kutojitenga.

La pili, je, msichana ataruhusiwa hijabu pamoja na sare? Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wasichana wa shule moja ya Isiolo mwaka 2016, lakini Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa jinsi dai lilivyofikishwa mahakamani. Maana yake ni kwamba, kwa vitendo, mengi yamo mikononi mwa bodi ya kila shule. Lipate jibu mapema, na ikiwezekana kwa maandishi.

La tatu, Ijumaa adhuhuri mvulana aliyebaleghe atatokaje kwenda msikitini, na msikiti uko mbali gani? La nne, chakula cha mchana ni nini, na nani anayechinja? Katika miji mingi ya bara mchinjaji wa machinjio huwa Mwislamu, lakini usidhani, uliza.

Mpangilio wa Nabii Ibrahim

Anayetaka kuupima mtaa kwa mizani ya dini na aitazame dua ya Nabii Ibrahim (A.S.) katika Suratu Ibrahim, aya ya 37. Aliiweka aila yake katika bonde lisilo na mmea. Kwa hesabu ya mali, hapakuwa mahali pa kuweka mtoto mchanga. Lakini angalia mpangilio wa maneno yake: kwanza alitaja kuwa karibu na Nyumba tukufu ili wasimamishe sala, kisha akaomba nyoyo za watu ziwaelekee, mwisho akaomba matunda. Sala, watu, riziki. Sisi mara nyingi huanza na ya mwisho, na tukishapata kodi nafuu ndipo tunapouliza msikiti uko wapi.

Na kwa yule ambaye kazi au uwezo haukumpa ila Kosele, asivunjike moyo. Katika Suratu Yunus, aya ya 87, Nabii Musa (A.S.) na ndugu yake waliamrishwa wawatengee watu wao nyumba katika Misri, na nyumba hizo ziwe ni mahali pa kuelekea kibla na kusimamisha sala. Walikuwa wachache na wanyonge. Nyumba ikawa msikiti wao. Sebule moja iliyotandikwa mkeka baada ya sala ya alasiri, watoto wawili, msahafu na mama mvumilivu, hicho ni chuo. Ikiwa ipo aila nyengine mtaa wa pili, kimekuwa chuo cha watoto watano.

Wahenga wa Kiarabu husema jirani kabla ya nyumba. Wala jirani si Mwislamu peke yake: amri ya kumtendea wema jirani wa karibu na wa mbali, iliyomo katika Suratun Nisaa aya ya 36, haikumbagua mtu. Jirani Mjaluo ndiye atakayekuonyesha njia ya mkato isiyo na gari, ndiye atakayemrudisha mwanao akimkuta amepotea sokoni, na ndiye atakayejua ni mwalimu gani mwenye huruma. Mjulie hali, hudhuria msiba wake, mfundishe mwanao kumwamkia kwa lugha yake. Usalama wa watoto katika mtaa hautokani na ukuta.

Neno kwa wanaotaka kununua

Wako wanaovutwa na bei ya ardhi ya bara wakataka kununua mwaka wa kwanza. Tunashauri subira. Panga nyumba kwanza, japo kwa mwaka mmoja, uyaone masika na kiangazi. Ardhi ya kilimo haiuzwi kihalali bila ya idhini ya bodi ya kusimamia ardhi, na ombi la idhini hiyo hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Pasipo idhini mauziano hubatilika. Tazama daftari la ardhi, hakikisha mke wa muuzaji ameridhia, na ujue kwamba katika boma la Wajaluo makaburi ya wazee yamo humo humo shambani. Usinunue ugomvi wa ndugu kwa bei ya kiwanja. Na ukikopa, jiepushe na riba.

Kwa ufupi, aila yenye watoto wadogo isiogope Kosele, maadamu nyumba ina chuo ndani yake. Watoto wakifikia Gredi ya 4, isogee Oyugis au Kendu Bay, penye wenzao, na baba aibebe safari. Wakifikia Gredi ya 10, nchi nzima ni yao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu, popote zilipo, ziwe za utulivu. Awape watoto wetu elimu yenye manufaa na majirani wema. Na awaunganishe wote waliotenganishwa na kazi. Amin. Wabillahi tawfiq.